Ushanga wa Buluu

Utepe wa Ezekia ulikuwa umelegea tena. Mwalimu Zilpa Mafuru alimwinamisha kichwa, akamfuta mafuta ya nywele kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha akaukaza upya juu ya nyusi na kufunga kifundo nyuma ya sikio. Ushanga mdogo ulioshonwa katikati, pale utepe unapopita kwenye paji la uso, ukapepesa mara moja na kutulia kwenye weupe.

"Mwalimu, umenibana mpaka nimesahau jina langu."

"Jina lako halimo kwenye mtihani. Macho kwenye ukurasa."

Darasa likacheka, na pumzi zao zikaonekana hewani. Ikomela iko juu kabisa ya milima ya Kipengere, mahali ambapo viazi hupandwa hadi mlangoni na minara ya upepo huzunguka mchana kutwa juu ya mabati. Asubuhi za mwezi wa saba, maji yaliyolala kwenye ndoo huamka yakiwa na ngozi ya barafu.

"Haya, anzeni."

Habari yenyewe ilihusu kijiji kilichojenga bwawa na mlinzi aliyegawa maji yake. Wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la saba waliisoma kimyakimya, midomo ikicheza kidogo. Kila sentensi ilipoisha ulisikika mvumo mdogo, kama wa mtu anayesafisha koo kwa adabu. Zilpa alikuwa ameuzoea mvumo huo kiasi kwamba hakuusikia tena. Yeye alitazama shanga. Mmoja uligeuka buluu, kisha wa pili, kisha safu nzima ya mbele. Kabla hajafika dirishani, darasa zima lilikuwa buluu.

Buluu ilikuwa na maana moja tu: msomaji ameelewa. Njano ilikuwa ya anayesoma bila kuelewa. Mtihani wa Alhamisi ya wiki iliyofuata ungekuwa hivyo hivyo, kila mtoto na utepe wake na kurasa zake, bila swali hata moja. Maswali yalianza kufutwa mijini Zilpa mwenyewe akiwa bado msichana wa shule, baada ya miaka mingi ya watoto kukariri mitihani ya nyuma na kubahatisha kati ya A na D. Baraza la Usomaji lilisema kwamba hakuna haja ya kumwuliza mtoto kama ameelewa, ikiwa ubongo wake unaweza kusema wenyewe.

Na bongo za Ikomela zilikuwa zinasema mambo matamu. Tangu tepe zifike huku mlimani, shule iliyokuwa ikishika mkia wilayani ilikuwa sasa ya kwanza, mwaka wa pili mfululizo. Watoto wote kumi na mmoja walikuwa wamewekewa nafasi Sekondari ya Ufundi, kwa sharti la buluu siku ya mtihani. Agripina Sanga, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, mwenye magoti yenye makovu ya kupanda kila kitu kinachopandika, alikuwa ameshachagua fani yake: ufundi wa minara ya upepo. Ushanga wake ndio uliowahi kugeuka kuliko wa mtu mwingine yeyote.

"Mwalimu, vidole vinakufa ganzi," alisema sasa. "Tuwashe lile jiko jipya?"

Jiko lilikuwa limeletwa juzi kutoka wilayani, la kuchoma pumba za mbao. Lilikuwa zuri, jeusi, na halijawahi kuguswa. Karatasi ya maelekezo ilikuwa bado imefungwa kwenye mguu wake kwa uzi. Zilpa aliifungua, akampa Agripina.

"Soma, halafu uwashe."

Agripina alisoma amesimama, utepe ukiwa bado kichwani. Buluu. Akakunja karatasi, akajaza pumba, akaushika mkono wa chuma uliokuwa ubavuni, akauvuta juu kwa nguvu, akawasha.

Moshi haukwenda kwenye bomba. Ulikuja darasani, mzito, wa rangi ya maziwa machafu, ukapita chini ya madawati na kupanda hadi kenchi. Walitoka wote mbio, wakikohoa na kucheka, wakasimama uani wakitoa machozi.

"Mwalimu Zilpa," Ezekia alisema, akijifuta kwa mkono wa sweta, "kwenu ziwani samaki hubanikwa hivi hivi?"

"Wa kwetu hukaa kimya wakibanikwa. Agripina, ile karatasi iko wapi?"

Alikuwa ameishika bado. Zilpa hakuichukua.

"Inasema mkono ule unavutwa au unasukumwa?"

"Unavutwa, Mwalimu. Juu."

"Nisomee."

Agripina akasoma kwa sauti. "Tofauti na majiko ya zamani, tundu la moshi hufunguliwa kwa kusukuma mkono wa chuma chini. Ukivutwa juu, tundu hufungwa." Akarudia maneno mawili ya mwisho, polepole. Watoto wengine waliguna na kumcheka, naye akatabasamu kwa aibu, kama mtu aliyevaa viatu kinyume.

Zilpa hakucheka. Alikuwa anautazama ushanga wa Agripina. Ulikuwa buluu wakati wa kusoma kwanza, na ulikuwa buluu sasa, na ile buluu ya kwanza na hii ya pili hazikuwa na tofauti yoyote.

*

Zilpa hakuwa mtu wa kuharakisha hukumu. Mtoto mmoja kukosea jiko moja si ushahidi wa kitu. Mchana, wenzake walipokwenda kula, alikaa peke yake akaandika habari fupi isiyo na maana yoyote. Aliona kazi yenyewe ngumu kuliko alivyodhani, kwa sababu mkono ulikuwa unataka kuandika vitu vinavyoeleweka.

*Siku ya pili daraja lilimwoa mvua, na kwa sababu hiyo viatu vikachemka. Wazee waliikunja saa sita wakaitia chumvi. Mpaka leo, kila Jumatano inaponyolewa, ukuta hurudi kwao ukiwa umeshiba.*

Alivaa utepe mwenyewe, akasimama mbele ya kioo cha ofisini, akasoma. Njano. Akasoma tena. Njano iliyokoza.

Walipoingia darasani, aliwapa watoto habari ile bila kusema neno. Ezekia peke yake ndiye aliyeinua kichwa kidogo kwenye "Jumatano inaponyolewa", kisha akakiinamisha tena. Mvumo ule mdogo ulipita darasani baada ya kila nukta. Safari hii Zilpa aliusikia. *Ee. Ee. Ee.* Shanga kumi na moja, zote buluu.

Alimkuta Mwalimu Mkuu, Yoswam Chaula, akimenya kiazi cha kuchemsha kwa kisu cha kuchongea kalamu. Chaula alikuwa mzaliwa wa Ikomela, mtu mpana, mpole, ambaye salamu yake peke yake ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Kamwene, dada Zilpa."

"Kamwene, Mwalimu Mkuu. Naomba kukuvisha utepe."

"Na mimi nafanya mtihani?" Lakini aliinamisha kichwa. Alisoma karatasi yote, akaiweka mezani, akakirudia kiazi chake. Ushanga kwenye paji lake pana ulikuwa buluu kama anga la mwezi wa sita.

"Umesoma nini, Mwalimu Mkuu?"

"Kuna daraja," Chaula alianza. Akatafuna. "Na mvua… Ngoja." Aliichukua karatasi tena, na kadiri alivyosoma ndivyo kiazi kilivyosahauliwa mkononi. "Huu ni upuuzi mtupu!"

"Ni upuuzi. Nimeuandika mimi. Na baada ya kila sentensi umesema ee."

"Nimesema?"

"Kwa sauti ndogo. Hata watoto wanasema."

Chaula aliweka kiazi chini. "Si ndivyo mtu anavyopokea maneno? Hapa mtu akikusimulia jambo, unampokea. Sentensi yake ikiisha, ee. Ukimwacha hivi hivi anadhani umemdharau, anaondoka na habari yake. Mama yangu aliwahi kunichapa kwa kukaa kimya mbele ya shangazi."

"Hata kama hujaelewa?"

"Hasa kama hujaelewa! Kuelewa kutakuja baadaye. Kwanza unampokea mtu."

Kwao Bunda, Zilpa alikumbuka, mtu akisimulia jambo mezani, nusu ya meza inamkatiza na nusu nyingine inamsahihisha. Alikuwa ameolewa Ikomela miaka saba na kuipenda adabu ile bila kujua ilikuwa inafanya nini ndani ya vichwa.

Alitoa kijitabu cha mafunzo ya tepe, akamwonyesha Chaula ukurasa ambao walimu wengi huuruka. Utepe hausomi mawazo. Hausikii maneno. Unasubiri kitu kimoja tu, ambacho kijitabu kilikiita mtulio. Mtu anaposoma sentensi, ubongo huhangaika kidogo ukitafuta mahali pa kuiweka. Ukipata mahali hapo, hutulia, na kutulia huko hugusa ngozi ya paji kama wimbi dogo linalofika ufukweni. Waliotengeneza tepe walipima watu wengi sana, karibu wote wa mijini, watu ambao hutulia wakishaelewa.

"Hawakupima mahali ambapo watoto hufundishwa kutulia kwanza," Zilpa alisema.

Chaula aliuvua utepe taratibu, akauweka juu ya meza kama kitu kinachoweza kusikia.

"Ukipiga simu Barazani," alisema, "hawatasema kifaa kina kasoro. Watasema Ikomela wamedanganya. Watafuta nafasi zote."

"Najua."

"Na tukinyamaza, watoto kumi na mmoja wanakwenda sekondari. Huko kuna walimu. Watafundishwa kusoma huko."

"Ombeni alifundishwa?"

Ombeni Sanga, kaka yake Agripina, alikuwa wa kwanza wilayani mwaka uliopita. Alirudi nyumbani kabla muhula wa kwanza haujaisha, na tangu hapo hakuna aliyemwuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kumwaibisha.

*

Zilpa alikwenda kumwuliza.

Alimkuta shambani, akijaza viazi kwenye magunia. Kijana huyo alikuwa amerefuka. Alimwamkia kwa kupiga goti kidogo, akageuza ndoo ili Mwalimu apate pa kukaa.

"Ombeni, nimekuja na swali ambalo nilipaswa kukuuliza zamani. Ukikataa kulijibu, sitakasirika."

"Ee, Mwalimu."

"Huko sekondari, ulikuwa unasoma vitabu unavielewa?"

Alivunja bonge la udongo kwa vidole, akavunja jingine.

"Nilidhani naelewa," alisema. "Nilikuwa nasoma ukurasa na mwili unatulia vizuri kabisa. Halafu mwalimu anasema, haya, unganisheni waya kama kitabu kilivyosema. Wenzangu wote wanainuka. Mimi nabaki nimekaa na utulivu wangu." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nikasema basi, mimi nina kichwa kibovu, na ule utepe ulinikosea. Nikarudi kabla hawajanifukuza."

"Kichwa chako si kibovu."

"Ee," alisema Ombeni, kwa adabu, na Zilpa akaelewa kwamba hakuwa amesikia.

Alisogeza ndoo karibu. Akamweleza yote, tangu moshi wa jiko hadi kiazi cha Chaula, na kila Ombeni alipofungua mdomo kuitikia, alimwinulia kidole, akangoja. Mwisho kijana hakuitikia kabisa. Alikaa chini kwenye udongo.

"Kwa hiyo nilikuwa nawaitikia," alisema. "Vitabu. Nilikuwa naviamkia."

"Ulikuwa na adabu navyo."

"Na Agripina je?"

"Ndiyo maana nimekuja. Nikisema, anaweza kukosa nafasi. Nisiposema, ataipata, kama wewe ulivyoipata."

Ombeni aliangalia chini ya mteremko, ambako mnara mmoja wa upepo ulikuwa umesimama kwa matengenezo na mtu mdogo kama sisimizi alikuwa akining'inia kwenye pangaboi lake.

"Usimwambie Baraza kabla hujamwambia yeye," alisema. "Mimi hakuna aliyeniambia."

*

Aliwaambia watoto siku iliyofuata, asubuhi, mlango ukiwa umefungwa. Hakuwavalisha tepe. Alisoma ule upuuzi kwa sauti, sentensi moja moja, na akawauliza nani angeweza kumchorea Jumatano inayonyolewa. Walicheka sana. Kisha akawaeleza maana ya kucheka kwao, na wakaacha.

Agripina ndiye aliyesimama. Watoto wa Ikomela hawasimami mbele ya mwalimu bila kuitwa.

"Kwa hiyo sisi ni wajinga wenye taa, Mwalimu?"

"Hapana."

"Mtihani ni Alhamisi. Si ungetuambia Ijumaa?"

Zilpa alikuwa amejiuliza hilo hilo alipoamka, na alikuwa hajapata jibu la kumridhisha yeye mwenyewe. "Ningewaambia Ijumaa," alisema, "mngekuwa na nafasi zenu na mngekuwa mmeshadanganya bila kujua. Sikutaka mdanganye bila kujua. Mkitaka kunyamaza, mnyamaze mkijua."

"Na wewe utanyamaza?"

"Leo sitapiga simu. Nitapiga au sitapiga baada ya kuwasikia. Sijafikia mwisho wa kufikiri, Agripina. Na nyie hamjafika."

Agripina alichukua mfuko wake akatoka. Hakubamiza mlango, aliufunga kwa uangalifu, na hilo lilimuuma Zilpa zaidi.

Kwa waliobaki, Zilpa alijaribu mbinu alizosoma kwenye vitabu vyake vya ualimu. Pigeni mstari chini ya wazo kuu. Fupisheni aya kwa maneno yenu. Walipiga mistari chini ya kila kitu. Walipofupisha, walinakili. Akawaambia wasiseme ee, wakafumba midomo kwa nguvu mpaka wakawa wekundu machoni, na Ezekia akasema, "Mwalimu, inatoka puani." Aliwavalisha tepe kuona. Buluu, buluu, buluu. Waliweza kuzuia mdomo, lakini kile kilichokuwa nyuma ya mdomo kiliitikia peke yake.

*

Agripina alirudi kesho yake akiwa amechelewa, na macho yake yalikuwa na kitu.

"Mwalimu, samahani kwa jana. Naomba lile jiko."

"Jiko?"

"Na karatasi yake. Na utepe."

Zilpa alimvalisha. Agripina aliishika karatasi, akasoma mstari wa kwanza, na badala ya kuitikia aliinua uso, akamwambia Ezekia, kwa sauti ya mtoto aliyesimama mlangoni pa watu:

"Nimetumwa nikuambie: hili si kama majiko ya zamani. La zamani unavuta. Hili unasukuma."

Ushanga wake ulikuwa njano. Njano iliyokoza, ya kwanza kuonekana katika darasa lile tangu tepe zije. Watoto walishtuka, mmoja akasema "Yesu!"

"Nimetumwa nikuambie," Agripina aliendelea, akirudi kwenye karatasi na kuinua uso tena, "kwamba ukiuvuta… ukiuvuta unaziba. Ndiyo maana moshi ulikuja kwetu." Akasita. Njano ilififia, ikawa nyeupe, na kisha, polepole, kama maji yanayopanda kwenye kitambaa, ikawa buluu.

Akausukuma mkono wa chuma chini. Akawasha. Pumba zikashika kwa mlio wa karatasi inayokunjwa, na moshi ukaenda zake bombani kama uliokuwa unaijua njia siku zote. Joto likawafikia watoto wa safu ya mbele, wakanyoosha viganja.

"Umelipata wapi hilo?" Zilpa aliuliza.

"Jana bibi alinituma kwa fundi wa mashine ya kusaga. Maneno marefu, Mwalimu, unamjua bibi. Na bibi akikutuma huitikii. Ukiitikia hakuruhusu kuondoka. Lazima urudishe. Unasema, 'umesema nimwambie hivi na hivi', na kama umekosea anakuanzisha upya, hata mara tano. Nikiwa njiani nikafikiri: hapa tuna namna mbili za kusikia. Ya kusimuliwa na ya kutumwa. Sisi vitabu tunavisikia kama tunasimuliwa."

Ezekia alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Zilpa alimwona akikosa mzaha.

"Kwa hiyo tusome kama tumetumwa," Zilpa alisema taratibu.

"Ee," Agripina alianza, akajizuia. "Umesema tusome kama tumetumwa. Yaani kila sentensi tuirudishe kwa mtu, kabla ya kuipokea nyingine."

Walijaribu asubuhi nzima, wawili wawili, mmoja mjumbe na mmoja mwenye nyumba, na mwenye nyumba aliruhusiwa kumrudisha mjumbe mara nyingi atakavyo. Kulikuwa na kelele kama mnadani. "Sijakuelewa, rudi kwenu!" "Nani kafungua maji, mlinzi au mkewe?" "Rudi kwenu, nimesema!" Shanga zilikuwa njano karibu zote, na buluu chache zilizochomoza zilichelewa kuja na zilikuwa ngumu kuondoka. Kurasa mbili ziliwachukua hadi mchana. Mtihani ulikuwa na kurasa tano na saa moja.

Hilo kila mtu aliliona bila kuambiwa. Kwa namna ya zamani wangepita wote. Kwa namna mpya, siku ya Alhamisi, shanga zingekuwa njano na wangeanguka, safari hii wakiwa wanasoma kweli.

"Tunaweza kujifunza hii kwa ajili yetu," mmoja alisema kwa sauti ndogo, "halafu Alhamisi tukaitikia tu."

Hakuna aliyemcheka. Zilpa pia hakumkemea. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili anayeogopa. Wengi walimtazama Agripina, kwa sababu mnara wa upepo ulikuwa wake zaidi kuliko wa wengine.

Agripina alikuwa akifunga na kufungua kifundo cha utepe wake.

"Mwakani darasa la sita wataitikia," alisema. "Na wa mwaka unaofuata. Watakwenda mmoja mmoja, na watarudi kama kaka, na watakaa kimya." Akaweka utepe mezani. "Piga simu, Mwalimu. Lakini uwaambie tunataka kuulizwa. Kama zamani. Maswali ya mdomo, mbele ya mtu."

*

Msimamizi wa mitihani wa kanda, Bibi Hizza, alikuwa na sauti kavu ya mtu aliyezoea kudanganywa. Zilpa alimweleza ofisini, Chaula akiwa amesimama kando, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Maelezo yalichukua muda.

"Unafahamu, Mwalimu," Bibi Hizza alisema, "kwamba usingesema, hakuna ambaye angejua?"

"Nafahamu."

"Siwezi kuamini jambo hili kwa simu. Wala siwezi kulipuuza." Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Nitakuja mwenyewe Alhamisi. Nitaleta habari wasiyoijua na maswali niliyoyatunga mimi. Nitawavisha tepe pia, nione hiyo buluu yenu. Wakijibu vizuri, nitapeleka matokeo yao Barazani na kuyatetea. Wakishindwa, nafasi zinakwenda shule nyingine. Sitakuwa na la kuwafanyia."

"Tunashukuru."

"Usinishukuru bado. Na Mwalimu, maswali yangu hayatakuwa ya nani na wapi tu. Nitauliza kwa nini."

Chaula alisubiri simu izimwe ndipo akatoa pumzi. "Kwa nini," alirudia. "Hilo tumewahi kuwafundisha?"

"Bado," Zilpa alisema.

*

Kwa hiyo mchana ule walirudi kwenye habari ya bwawa. Zilpa alikuwa ameandika aya zake mbili ubaoni, na chini yake swali moja. Tepe zilirudishwa sandukuni, kwa sababu alitaka wamtazame yeye na ubao, wala si mapaji ya wenzao.

*Mlinzi alikuwa mgonjwa, na ufunguo wa maji ulikuwa kwa mkewe. Upande mmoja wa mfereji palikuwa na shamba lao, viazi vikinyauka. Upande wa pili palikuwa kwa jirani, ambako nguo ndogo zilijaa kwenye kamba tangu asubuhi na moshi wa jiko ulikuwa haukatiki.*

*Mwanamke alisimama kitambo. Kisha akafungulia maji ya jirani kwanza.*

Kwa nini alianza na jirani?

Waliirudisha habari vizuri, sentensi kwa sentensi, wajumbe na wenye nyumba. Walijua nani, wapi na nini. Kisha wakalifikia swali na wakasimama mbele yake kama ng'ombe mbele ya daraja jipya.

"Haijaandikwa, Mwalimu," alisema Agripina.

"Haijaandikwa. Lakini imo."

"Imo wapi?"

"Humo humo mnamosoma."

Walisoma tena. Mmoja akasema labda mwanamke alikosea mfereji. Mwingine akasema labda alimwogopa jirani. Zilpa aliuliza ni maneno gani yaliyomwambia hivyo, na hawakuyapata. Ezekia akainua mkono.

"Mwalimu, mtu aliyetumwa haulizi kwa nini. Ukimwuliza bibi kwa nini, unapata kofi."

"Ndiyo kazi iliyobaki," Zilpa alisema. "Mjumbe wetu anafikisha vizuri. Sasa inabidi ajifunze kuchungulia mfuko aliotumwa nao."

Walijaribu tena mpaka kengele ikalia. Nje jua lilikuwa limeshapita nyuma ya kilele na baridi ilikuwa inarudi kutambaa chini ya mlango, lakini jiko lilikuwa bado lina makaa. Zilpa akajikuta anauliza alilouliza mwisho wa kila kipindi kwa miaka saba.

"Mmeelewa?"

Alisubiri mvumo ule. Haukuja. Wote kumi na mmoja walimtazama, wamekunja nyuso, na hakuna aliyefungua mdomo kumfurahisha.

"Bado, Mwalimu," Ezekia alisema hatimaye.

Zilpa aligeuka akaliangalia dirisha kidogo, kwa sababu hakutaka waone jinsi neno lile lilivyomkaa vizuri.

"Basi tutaanzia hapo kesho."

Walitoka. Kiranja wa zamu alichukua kifutio, Zilpa akamwashiria akiache. Alikuwa anahesabu chaki zilizobaki pale mlango ulipofunguliwa tena, na Agripina akaingiza kichwa tu, mfuko ukiwa begani.

"Mwalimu, zile nguo kwenye kamba."

"Zina nini?"

"Ni ndogo." Alikuwa akizungumza polepole, na macho yake yalikuwa ubaoni. "Na nyingi. Na wanachemsha maji tangu asubuhi. Kwa hiyo pale kwa jirani kuna…"

Tepe zote zilikuwa sandukuni, kwa hiyo hapakuwa na ushanga wa kusema lolote. Zilpa aliuangalia uso wenyewe.

"Usinimalizie," alisema. "Kalale nalo. Kesho utawauliza wenzako, na usiwape jibu. Wachungulie wenyewe."

Agripina hakuitikia. Alisimama kizingitini akiusoma ubao mara nyingine, midomo ikicheza, kisha akaurudisha mlango na kuanza kukimbia mteremkoni kuelekea kwao.